Mtoto Katika Beseni: Kejeli ya Daumier na Matumizi ya Picha Dzaleka

Katika mfululizo wa Les Bas-Bleus, uliochapishwa na gazeti la Le Charivari mwaka 1844, Honoré Daumier anamchora mwanamke aliyezama katika kuandika. Chumbani humo mtoto ametumbukia kichwachini katika beseni la kuogea. Maneno yaliyo chini ya lithografia hiyo yanacheza na moto wa utunzi na maji ya beseni. Msomaji wa Paris hakuachwa na shaka yoyote kuhusu nani achekwe.

Kejeli hii haitenganishiki na sheria. Daumier alifungwa mwaka 1832 kwa kumchora mfalme Louis-Philippe kama jitu linalomeza mali ya raia. Sheria za Septemba 1835 zilirejesha udhibiti wa michoro, na kejeli ikahamia kwenye desturi: wanandoa, wenye nyumba na wapangaji, na wanawake waliothubutu kushika kalamu. Mfalme aliponea hapo.

Malawi inaifahamu njia hiyo kwa sura kali zaidi. Chini ya Kamuzu Banda, sheria ya mavazi ya mwaka 1973, iliyofutwa mwaka 1993, iliwakataza wanawake suruali na nguo fupi. Paris mwanamke alichekwa. Malawi alihesabiwa mhalifu. Na Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza la wapinzani kabla ya kugeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994.

Hapa ndipo uhakiki unapokuwa na kazi. Kwa kawaida maneno ya chini ya michoro ya Daumier yalitungwa na watu wa gazeti, si na yeye. Ukiyafunika, hukumu inalegea: mistari inampa mwandishi huyu umakini ambao maneno yanamnyang'anya, na baba wa mtoto hayumo chumbani wala hatajwi. Maneno, basi, ndiyo yanayomtia hatiani.

Jambo hili si dogo kwa wanaoandaa mabango na masomo ya Kiswahili kwa Wakongo na Warundi wa Dzaleka, au kwa darasa la watu wazima huko Kauma, Lilongwe. Bango la malezi linaloonyesha mama mzembe huandikwa maneno kwanza, kisha mchoraji huagizwa. Ingefaa mchoro ujaribiwe bila maneno mbele ya wanawake wenyewe, wapewe nafasi ya kusema wanachokiona, na maneno yao ndiyo yachapishwe chini yake.