Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Juu ya Shujaa Anayegeuka Katika Mieleka

Msomaji, bila shaka umewahi kuitazama mieleka ya Marekani katika televisheni, na yamkini umewahi kuambiwa na mtu mzima kwamba unapoteza wakati wako, kwa kuwa mambo yale yote yamepangwa. Mtu huyo hakukosea. Mshindi hujulikana kabla kengele haijalia. Wapiganaji hushirikiana ili mmoja asimvunje mwenziwe shingo. Na maneno ya chuki wanayotupiana ni sehemu ya mchezo. Lakini huo ndio mwanzo wa hoja, wala si mwisho wake. Tamthilia nayo hupangwa, na hakuna aendaye kuitazama kwa kudhani kwamba mfalme anayeuawa jukwaani atazikwa kesho. Mieleka ya kulipwa ni tamthilia inayochezwa kwa mwili, mbele ya watu walioruhusiwa kujibu kwa kelele. Basi yafaa tuihukumu kama tunavyohukumu tamthilia: ipi nzuri, ipi mbovu, na kwa nini.

Katika insha hii nataka tupime jambo moja tu, nalo ni ile saa shujaa anapogeuka kuwa mwovu mbele ya macho ya wale wampendao. Hakuna jambo linalowashtua watazamaji wa mieleka kuliko hilo. Hata hivyo, kushtuka peke yake si kipimo cha sanaa. Mtu akikupigia debe sikioni utashtuka, lakini hutasema amekuimbia wimbo. Swali letu ni hili: baada ya mshtuko kupita, kunabaki nini?

Tukumbuke kwanza hadithi tuliyoirithi katika pwani yetu, ya Fumo Liyongo. Mikuki na mishale haikumweza. Kilichomweza ni sindano ya shaba kitovuni, nayo ilishikwa na mkono wa mwanawe. Hadithi ile ingalipungua uzito kama msimulizi angalisema tu kwamba mtoto aliamka siku moja akamwua baba yake. Lakini tunaambiwa kwamba aliahidiwa heshima na ndoa katika nyumba ya mfalme, nasi tunaiona tamaa ikimwingia. Tunaumia, na papo hapo tunaelewa. Mambo hayo mawili, maumivu na kuelewa, ndiyo nitakayoyatumia kuwa mizani.

Sasa twende katika mji wa Daytona Beach, jimbo la Florida, usiku wa tarehe 7 Julai 1996. Wanaume wawili, Scott Hall na Kevin Nash, walikuwa wamekuja katika kampuni ya mieleka ya WCW wakijifanya wavamizi, nao walitangaza kwamba wanaye mwenzao wa tatu ambaye hawakumtaja. Waliosimama kuilinda kampuni walikuwa Sting, Lex Luger na Randy Savage. Luger aliumia mapema, akachukuliwa nje, waliobaki walielemewa. Ndipo akatokea Hulk Hogan. Tangu mwaka 1984, alipotwaa ubingwa wa dunia jijini New York, Hogan alikuwa shujaa wa watoto wa Marekani. Aliwahimiza wafanye mazoezi, wasali, na wale vitamini zao. Umati ukainuka kwa furaha: mgeni njoo, mwenyeji apone! Wavamizi wakatoka ulingoni kana kwamba wamemwogopa. Hogan akairarua fulana yake, kama alivyozoea, kisha akajirusha na kumwangukia kwa mguu Savage aliyekuwa amelala chini hajiwezi. Mtu wa tatu alikuwa yeye. Watu wakavurumisha vikombe na takataka ulingoni hata sakafu ikafunikwa, naye akasimama katikati ya uchafu ule akiwatukana.

Huo ndio mshtuko. Sasa tuutafute uelewa, na ili kuupata yatubidi turudi nyuma. Mnamo Januari 1989, katika pambano la watu wengi ambamo kila mmoja hupigania nafsi yake, Hogan alimtupa nje Savage huyu huyu, ambaye wakati huo alikuwa mshirika wake. Urafiki wao ulipovunjika mwezi uliofuata, Savage alimshtaki kwamba anamwonea wivu kwa mkanda wake wa ubingwa na anamtamani mwanamke aliyefuatana naye ulingoni. Hadithi ilimfanya Savage mwovu, nasi tukamcheka. Tena Januari 1992, katika pambano la namna ile ile, Hogan alitupwa nje na Sid Justice kwa njia ya halali kabisa. Badala ya kwenda zake, alimshika Sid mkono kutoka chini na kumvuta, hata Ric Flair akapata nafasi ya kumsukuma nje na kutwaa ubingwa. Shujaa mwenye kusali alikuwa hawezi kuona mwenziwe akishinda. Mambo haya yote yalitendeka hadharani, na wengi wetu tuliyasamehe kwa sababu ya rangi ya fulana yake.

Kwa hiyo Hogan wa mwaka 1996 hakuwa mtu mpya. Alikuwa Hogan yule yule, ila sasa majivuno yake yameitwa kwa jina lake. Nastaajabu kila nikumbukapo kwamba alipokuwa akiingia usiku ule, mtangazaji Bobby Heenan, ambaye katika mchezo alikuwa adui wake wa miaka mingi, alikuwa wa pekee kuuliza yuko upande wa nani. Aliyechekwa kwa kumshuku shujaa ndiye aliyeona sawasawa. Hapa naona sanaa ya kweli: mgeuko mmoja unatulazimisha kusoma upya kurasa zote za nyuma, na kukiri kwamba tulizisoma vibaya.

Mfano wa pili ni mzuri zaidi, kwa maoni yangu, ingawa hauna kishindo. Tarehe 23 Machi 1997, karibu na Chicago, Bret Hart alipambana na Steve Austin. Hart, mtu wa Calgary nchini Kanada, alikuwa kielelezo cha adabu na ustadi. Austin alikuwa mtukanaji asiyemheshimu mtu. Lakini katika miezi iliyotangulia Hart alikuwa amekuwa mtu wa kulalamika. Kila aliposhindwa alidai amedhulumiwa, na mara nyingine alidai kwa haki. Katika pambano hilo ambalo mshindi hupatikana mmoja akisalimu amri, Austin alikunjwa miguu na mgongo, damu ikamtiririka usoni, naye asikubali kushindwa hata akazirai. Mwamuzi akampa Hart ushindi. Hart hakutosheka, akaendelea kumpiga mtu aliyekwisha shindwa, mpaka mwamuzi akamvuta na kumtupa kando. Alitoka akizomewa. Austin alikataa kushikwa mkono, akajikokota mwenyewe hadi nje, na waliomchukia wakamshangilia.

Tazama, msomaji, kwamba hapa hakuna aliyevua barakoa. Hart hakumsaliti rafiki. Alifanya kidogo tu zaidi ya alivyokuwa akifanya, na hicho kidogo kikamvusha mpaka. Austin naye hakutubu lolote. Alibaki alivyo, ila tuliona kwamba ukaidi tuliouchukia una mzizi mmoja na ushujaa. Basi ni nani aliyegeuka usiku ule? Nadhani waliogeuka zaidi ni watazamaji. Baada ya hapo Hart alianza kuilaumu Marekani na kuisifu Kanada. Alizomewa upande mmoja wa mpaka na kushangiliwa kama mfalme upande wa pili, kama ilivyoonekana Calgary mwezi Julai mwaka ule ule. Mwovu na shujaa walikuwa mtu mmoja. Kilichobadilika ni kiti alichokalia mtazamaji.

Lakini si kila mgeuko hufaulu, na mhakiki asiyeweza kusema hivyo hana faida kwa msomaji wake. Tarehe 1 Aprili 2001, mjini Houston, Austin aliyekuwa sasa shujaa mkuu alishirikiana na Vince McMahon, tajiri wa kampuni na adui yake wa miaka mitatu na zaidi, akampiga The Rock kwa kiti cha chuma mara nyingi hata akatwaa ubingwa. Wakapeana mikono. Kwa karatasi, jambo hili lilikuwa la kutisha kuliko la Hogan. Lakini Houston ni Texas, na Austin ni mwana wa Texas; watu wakaendelea kumshangilia. Tena uasi wake dhidi ya tajiri ndio uliokuwa roho ya hadithi yake nzima. Ukiutafuta uelewa nyuma, unakuta tu kwamba alitaka sana kushinda, na hiyo ni sababu nyembamba mno kubeba mzigo mzito namna ile. Miaka ya baadaye Austin mwenyewe alikiri hadharani kwamba ulikuwa uamuzi mbaya.

Mfano wa mwisho ni wa juzi. John Cena alikuwa amecheza shujaa kwa zaidi ya miaka ishirini, na nje ya ulingo ametimiza matakwa ya zaidi ya watoto 650 wagonjwa mahututi. Tarehe 1 Machi 2025, mjini Toronto, alimkumbatia bingwa Cody Rhodes, kisha kwa ishara ya The Rock akampiga mahali pasipostahili na kumwangusha. Nyuso za watoto waliovaa fulana zake zilikuwa nyuso za waliofiwa. Sababu aliyoitoa baadaye ilikuwa nzuri: kwamba watazamaji walimzomea na kumdhihaki miaka yote aliyowatumikia. Maneno hayo yalikuwa na ukweli, na yangaliweza kuzaa hadithi kubwa. Lakini The Rock, aliyetoa ishara, hakuonekana hata katika pambano kuu la mwezi Aprili; na ilipofika Agosti mosi Cena alikuwa mwema tena, hata akastaafu Desemba 13 akishangiliwa. Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, ukafungwa kabla hatujaingia.

Wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba mieleka ni burudani, na kwamba mshtuko wa usiku mmoja unatosha kwa aliyelipa kiingilio. Nawajibu kwamba wanawadharau watazamaji. Mtoto aliyelia mwaka 1996 alijua, au alikuwa karibu kujua, kwamba mapigo yalipangwa. Hakulilia mapigo. Alilia kwa sababu alikuwa ametoa imani yake, na imani hiyo haikupangwa na mtu yeyote. Ilikuwa mali yake halisi. Mtunzi anayeichukua mali hiyo na kuichezea bila kurudisha chochote ametenda wizi. Anayeichukua akamrudishia mtoto macho ya kuonea amemlipa.

Kwa hiyo, msomaji, mara nyingine shujaa atakapogeuka, iwe ulingoni, iwe katika riwaya unayoisoma darasani, usikimbilie kusema kwamba hukutarajia. Rudi nyuma kurasa kadhaa. Itafute ile siku alipomvuta mwenziwe mkono, nawe ukapiga makofi. Ukiikosa, mlaumu mtunzi. Ukiiona, jiulize ni kitu gani kilichokufanya usiione mara ya kwanza.