Mlinzi wa Mlangoni: Hadithi Mia za Hero

Mtambaji wa ngano huanza kwa kutaka kiitikio. Akisema "Paukwa" asisikie "Pakawa", hana hadithi. Ana maneno matupu. Je, katika kitabu, nani ataitika? Swali hilo ndilo linaloipa uzito riwaya ya picha ya Mwingereza Isabel Greenberg, The One Hundred Nights of Hero, iliyotoka mwaka 2016.

Kisa chake hakitakuwa kigeni kwa waliolelewa na Alfu Lela Ulela. Jerome na Manfred wanawekeana dau: Manfred apewe siku mia moja amshawishi Cherry, mke wa Jerome, ambaye mumewe anajigamba kwamba hashawishiki. Hero ni mtumishi wa Cherry, na ndiye mpenzi wake wa siri. Kila usiku Manfred ajapo, Hero humfungulia hadithi. Hadithi ikazaa hadithi, hata kukapambazuka. Ulimwengu wao ni wa kubuni, wenye miungu yake, na wanawake wamekatazwa kusoma na kuandika.

Shahrazadi alimsimulia yule mwenye upanga, na aliyetakiwa kubadilika ni huyo mmoja. Hero anamsimulia Manfred, lakini mlangoni wapo walinzi, nao wametega masikio. Manfred husikiliza kwa tamaa ya kupata akitakacho. Walinzi husikiliza kwa kuwa wamenaswa. Hao ndio waitikiaji wa kweli, na ndio watakaozitoa hadithi nje ya kuta. Hapo Greenberg ameongeza jambo katika mapokeo aliyoyarithi: hadithi huvuka salama kwa mdomo wa yule asiyekusudiwa.

Kuna hofu ya haki kwamba picha humnyang'anya msikilizaji kazi yake. Sura ya binti mfalme ikishachorwa, kila mtu ameletewa binti mmoja. Greenberg ameepuka mtego huu kwa uchache: mistari mikwaruzo kama iliyochongwa kwenye ubao, weusi mwingi, rangi chache. Nyuso zake ni nukta na vistari, na msomaji hulazimika kuzijaza mwenyewe.

Kasoro yake iko kwa wanaume. Manfred ni mjinga mno hata hatishi, na mzaha wa mwandishi mara nyingine hukimbilia kutuliza moyo uliopaswa kudunda. Mwenye kusimulia ili aokoe roho anastahili adui mwenye akili. Tena funzo hurudiwa pale ambapo ngano yenyewe ilikwisha kulisema.

Hata hivyo msomaji wa pwani ana sababu yake ya kukisoma kitabu hiki. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia bintiye utendi mwaka 1858, na ndani yake alimhimiza amtii mume. Hero angeuona wosia huo mzito. Lakini ulitoka kwa mama ukaenda kwa binti, kisha ukatua masikioni mwa watu ambao mtunzi hakuwajua, na wengine wakaujibu kwa namna ambayo hangeipenda. Hicho nacho ni kiitikio. Atambaye hachagui nani amesimama mlangoni. Kazi yake ni kuhakikisha usiku haumalizikii katikati ya neno.