Barua Yenye Wasomaji Wawili: Lugha ya Barua za Mafao kwa Askari wa Zamani wa Marekani

Wataalamu wanaoishughulikia lugha ya serikali wamezoea kuyatazama maandishi ya mahakama, hotuba za viongozi na matangazo ya redio. Barua ya kawaida itokayo ofisini, yenye namba ya jalada na sahihi isiyosomeka, haijapewa nafasi inayoistahili. Ilhali kwa mwananchi aliye mbali na makao makuu, barua hiyo ndiyo serikali yenyewe: hana nyingine aijuayo. Makala haya yanazichunguza barua ambazo Idara ya Askari wa Zamani ya Marekani huwaandikia wanaodai mafao ya ulemavu, pamoja na juhudi za zaidi ya miaka 30 za kuzirahisisha. Hoja yake ni kwamba juhudi hizo zimeufahamu ugumu nusu tu. Ugumu umetafutwa katika msamiati na katika urefu wa sentensi, hali chimbuko lake ni kwamba barua hizi zina wasomaji wawili, na yule aliyeandikwa juu ya bahasha siye anayeogopwa na mwandishi.

Yafaa kuanza na jambo lililofanikiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ofisi ya Idara hiyo mjini Jackson, katika jimbo la Mississippi, iliandika upya baadhi ya barua zake za mfano. Kwa barua mojawapo hesabu iliwekwa. Barua ya zamani, iliyopelekwa kwa watu wapatao 750 katika mwaka mmoja, ilileta simu takriban 1,100 za kuuliza maana yake. Barua mpya ilipelekwa kwa watu wapatao 710, na simu zikawa takriban 200. Hesabu hii imerudiwa mara nyingi na watetezi wa lugha nyepesi, na mara nyingi hurudiwa kana kwamba siri yote ilikuwa katika kuyafupisha maneno. Lakini kipimo chenyewe chadokeza jambo jingine. Simu hupigwa na mtu asiyejua afanye nini, wala si na kila mtu aliyekutana na neno gumu. Basi yamkini kilichobadilika zaidi ni mpangilio: barua ilianza kulijibu swali la msomaji badala ya kuieleza kazi ya ofisi.

Fundisho hilo lilipopanda hadi ngazi ya taifa lilipungua uzito. Waraka wa Rais Clinton wa tarehe 1 Juni 1998 uliziagiza ofisi za serikali kuu kutumia maneno ya kila siku, viwakilishi kama vile "wewe", kauli ya kutenda, na sentensi fupi. Sheria ya uandishi mwepesi, iliyotiwa sahihi na Rais Obama tarehe 13 Oktoba 2010, iliifanya kazi hiyo kuwa wajibu. Hakuna ubaya katika mashauri hayo. Hata hivyo, ni mashauri yahusuyo uso wa lugha, na ni rahisi kuyapima kwa kanuni ya hesabu, kama ile aliyoitoa Rudolf Flesch mwaka 1948, ambayo huhesabu maneno katika sentensi na silabi katika neno. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuitilia shaka kanuni ya namna hiyo. Neno "hawakukubaliwa" lina silabi saba, na mtoto wa darasa la pili hulielewa bila taabu. Neno "haki" lina mbili, na wanafalsafa hawajalimaliza.

Msomaji wa pili wa barua hizi ni hakimu. Kabla ya mwaka 1988 maamuzi ya Idara kuhusu mafao hayakuweza, kwa kawaida, kupelekwa mahakamani. Mwaka huo Bunge la Marekani liliunda mahakama maalumu ya kuyapitia, na sheria ya mwaka 1989 ikataka kila barua ya kukataa dai ieleze sababu za uamuzi na muhtasari wa ushahidi. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa, nayo hayafai kubezwa: barua isiyotoa sababu ni fupi, lakini ni dharau. Kisha ikaja sheria ya tarehe 9 Novemba 2000, iliyoitaka Idara imweleze mdai mapema ni ushahidi gani unaohitajika, upi ataleta mwenyewe, na upi utatafutwa na Idara. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini mahakama, katika hukumu za mwaka 2002, 2004, 2006 na 2008, iliendelea kuongeza mambo ambayo barua hiyo sharti iyataje ili ihesabike kuwa ilani halali, na hata hukumu ya mwaka 2008 ilipobatilishwa mwaka uliofuata, mazoea ya kujihami yalikuwa yamekwisha kuingia kalamuni. Kila hukumu ilizaa aya. Aya hizo zilikuwa na kazi moja: siku jalada litakapofunguliwa mbele ya hakimu, ionekane kwamba mdai aliambiwa. Kama alielewa, hilo ni suala jingine.

Hapa ndipo istilahi inapomponza mdai. Ili alipwe, ulemavu wake hauna budi "kufungamana na utumishi". Maneno haya, kwa Kiingereza kama kwa Kiswahili, yanaonekana mepesi, na hakuna kanuni ya silabi itakayoyakamata. Lakini kisheria yana mambo matatu ndani yake: ulemavu uwepo sasa, liwepo tukio au ugonjwa wakati wa utumishi, na pawepo kiungo baina ya hayo mawili, ambacho mara nyingi huthibitishwa kwa maoni ya daktari. Mtu aliyeumia mgongo akiwa jeshini anapoambiwa kwamba mgongo wake haukufungamana na utumishi, husikia kwamba anaitwa mwongo. Huenda ofisi imeyakubali mambo mawili ya kwanza bila ubishi, na kilichokosekana ni karatasi moja ya daktari. Vivyo hivyo kwa maneno "hakuna ushahidi". Kwa ofisa maana yake ni kwamba katika kumbukumbu zilizopatikana jambo hilo halikuandikwa. Kwa aliyeumia, na ambaye huenda hakumwona tabibu siku ile kwa kuwa wenzake pia hawakumwona, maneno hayo ni kukana maisha yake.

Asilimia za ulemavu ni mfano mkali zaidi, maana humo hamna neno gumu hata moja. Mtu mwenye ulemavu wa asilimia 50 na mwingine wa asilimia 30 huandikiwa kwamba jumla yake ni asilimia 70. Akijumlisha mwenyewe hupata 80, naye hudhani ameibiwa. Kumbe Idara haijumlishi. Humchukua kama mtu mzima wa asilimia 100, huondoa 50, kisha huchukua asilimia 30 ya nusu iliyobaki, yaani 15. Hiyo ni 65, nayo huandikwa katika kumi iliyo karibu, 70. Sentensi "jumla yako ni asilimia 70" yaweza kushinda kila mtihani wa wepesi, nayo bado isieleweke, kwa sababu fikira iliyoizaa imeachwa ofisini. Ili ieleweke, sharti irefushwe.

Suala la kauli ya kutendwa nalo si jepesi kama waraka wa mwaka 1998 unavyodhania. Mtu akitaka kuipeleka barua ya kukataa katika Kiswahili, hukabiliwa mara moja na uchaguzi ambao Kiingereza hakimlazimishi. Akiandika "dai halikukubaliwa", amekiri kwamba yuko aliyekataa. Akiandika "dai halikukubalika", kosa limehamia ndani ya dai lenyewe, nayo ofisi imenawa mikono. Makarani wa Afrika Mashariki, warithi wa mtindo wa barua za kikoloni, huipenda mno kauli hii ya pili. Barua za Marekani za miaka ya karibuni husema "tumefanya uamuzi", na kwa kiasi hicho zimekuwa na adabu zaidi. Ila huyo "sisi" hana jina wala mlango wa kubishwa.

Sheria ya tarehe 23 Agosti 2017, iliyoanza kutumika mwezi Februari 2019, imeyataja mambo saba yanayopaswa kuwamo katika barua ya uamuzi. Moja ni orodha ya yale ambayo ofisi imeyaona kuwa kwa upande wa mdai. Jambo hilo lastahili uangalifu kuliko mengine yote sita, kwani lililokwisha kukubaliwa huwafunga maofisa watakaolipokea dai baadaye, isipokuwa ushahidi wa wazi na wenye nguvu ulipinge. Kwa sura ni sentensi ndogo tu: umethibitika kuwa na ugonjwa fulani, au ulikuwapo mahali fulani. Aliyekataliwa huiruka, maana haoni faida ya kusifiwa katika barua ya kunyimwa. Hajui kwamba amekwisha kushinda sehemu ya kesi, wala kwamba akikaa mwaka mzima bila kuchukua hatua aweza kuipoteza tarehe ambayo malipo yake yangehesabiwa kuanzia hapo. Kwa hakimu sentensi hiyo imetimia kama ilivyo. Kwa mdai ilihitaji maneno machache zaidi, kwamba hili tumelikubali na hutatakiwa kulithibitisha tena, na ilihitaji kuandikwa bega kwa bega na lile lililokosekana, kabla ya orodha ya vifungu vya sheria.