Usinunue Mara 30, Nunua Tundu

Kwenye boksi la kamera ndogo ya msafiri, namba inayochapwa kwa wino mnene kuliko zote ni ya zumu: mara 15, mara 30, mara 40. Anayejiandaa kwenda Serengeti au Maasai Mara huisoma namba hiyo kama umbali, akaamini kwamba kamera ya mara 30 itamwonyesha simba vizuri maradufu kuliko ya mara 15. Imani hiyo haina msingi, na ushahidi umeandikwa kwenye kamera zenyewe. Mara 30 ni uwiano tu kati ya upeo mrefu kabisa wa lenzi na upeo wake mfupi kabisa. Haisemi ni mwanga kiasi gani unaoingia, wala ni undani gani wa mnyama unaofika ndani. Mambo hayo mawili huamuliwa na upana wa tundu la lenzi inapovutwa hadi mwisho, kipimo ambacho matangazo huwa hayakitaji.

Tuzipime kamera mbili za Panasonic. Lumix TZ200, iliyotoka mwaka 2018, ina kihisi cha mwanga kinachoitwa cha inchi moja, chenye milimita 13.2 kwa 8.8, na zumu ya mara 15. Lumix TZ99, iliyotangazwa mwaka 2025, ina kihisi kidogo cha milimita 6.2 kwa 4.6 hivi, na zumu ya mara 30. Wapiga picha hulinganisha upeo wa lenzi kwa kipimo cha filamu ya milimita 35, na kwa kipimo hicho TZ200 hufika 360, TZ99 hufika 720. Hapo ndipo wengi huishia. Ukitazama fokasi halisi za lenzi hizo, utakuta TZ200 inaishia milimita 132 na TZ99 inaishia milimita 129. Ukubwa wa taswira ya mnyama juu ya kihisi hutokana na fokasi halisi na umbali alipo, basi. Simba mwenye kimo cha mita moja, akiwa mita 100 kutoka kwenye gari, huacha taswira ya takriban milimita 1.3 kwenye kamera zote mbili. Kihisi cha TZ99 kinaona sehemu ya katikati peke yake, na sehemu hiyo ikijaza skrini nzima, simba anaonekana mkubwa. Kwa maneno mengine, zumu iliyoongezeka kutoka 360 hadi 720 imepatikana kwa kukata kingo za picha.

Tundu nalo linasema hivyohivyo. Lenzi zote mbili zikiwa zimevutwa hadi mwisho huwa na f/6.4. Gawanya fokasi halisi kwa 6.4: TZ200 inatoa tundu la milimita 20.6, TZ99 la milimita 20.2. Mwanga unaotoka kwa simba na kuingia katika kamera hizi, kwa muda uleule, ni karibu sawa. Kuna pia jambo la fizikia ambalo hakuna kiwanda kinachoweza kulikwepa. Mwanga ukipita kwenye tundu hautui kama nukta, hutandaa na kuwa duara dogo. Kwa f/6.4 duara hilo lina kipenyo cha mikroni 8.6 hivi. Pikseli ya TZ99 ina upana wa mikroni 1.2, kwa hiyo duara moja hufunika pikseli saba kwa upana, ilhali kwenye TZ200, yenye pikseli za mikroni 2.4, hufunika tatu na nusu. Megapikseli 20 za TZ99 ni za kweli, ila lenzi ikivutwa hadi mwisho, nyingi kati yake zinarudia habari iliyokwishaandikwa na jirani zake.

Mtetezi wa zumu ndefu ana hoja, na ni ya haki. Picha ya TZ200 ikikatwa ili ilingane na 720 hubaki na megapikseli 5, na mtazamaji wa ndege hapendi kumwona kipanga kama doa katikati ya skrini wakati anapopiga. Tena pikseli zilizosongamana huokota undani kiasi ambao pikseli kubwa huukosa, hasa juani. Nakubali yote hayo. Lakini megapikseli 5 zinatosha kuchapa picha ya sentimita 23 kwa 15 iliyo safi, na undani huo wa ziada ni mdogo mno kuliko ule ambao namba 30 dhidi ya 15 inauahidi. Hoja ya bei ina nguvu zaidi: TZ200 ilianza kuuzwa kwa dola 800 hivi za Marekani, TZ99 kwa takriban 500. Msafiri ambaye ndege wa mchana ndio shabaha yake pekee atakuwa ametumia akili akibaki na dola zake 300.

Ila ni safari chache zilizo za mchana mtupu. Kwenye upeo mpana, ambao ndio wa vichochoro vya Mji Mkongwe na meza za vyakula za Forodhani usiku, lenzi zote mbili huanza na f/3.3, lakini fokasi halisi ni 8.8 kwa moja na 4.3 kwa nyingine. Tundu la TZ200 lina upana wa milimita 2.7, la TZ99 milimita 1.3. Tofauti hiyo ni ya mwanga mara nne, na ndiyo inayoamua kama uso wa mchoma mishikaki utatoka na rangi yake au utajaa chenga. Katika msitu wa Bwindi hoja inakuwa kali zaidi. Mgeni hukaa mita kadhaa tu kutoka kwa sokwe, flashi imekatazwa, na majani yamezuia jua. Upeo wa 720 hauna kazi kabisa pale. Mwanga mara nne una kazi kubwa.

Wapo watakaosema simu imemaliza ubishi huu. iPhone 15 Pro Max hufika 120 kwa kipimo cha filamu, lakini tundu la lenzi yake hiyo ni karibu milimita 6. Programu yake hunoa kingo vizuri; manyoya ambayo hayakufika kwenye kihisi haiwezi kuyarudisha. Upande wa pili ipo Nikon P1000, yenye 3000 kwa f/8. Tundu lake ni milimita 67 na uzito wake unapita kilo 1.4. Anayetaka kufika mbali kwa kweli lazima abebe kioo kikubwa. Hata hapo, saa saba mchana hewa ya moto inayocheza juu ya nyasi itaharibu picha ya mbali bila kujali bei ya lenzi.

TZ200 ina dirisha la kuchungulia, nalo lina uzito katika hukumu yangu: chini ya jua la ikweta skrini huwa haisomeki, na kamera iliyoegemezwa usoni haitikisiki sana. TZ99, yenye upeo unaohitaji utulivu huo zaidi, haina. Kasoro ambayo zote mbili hazina utetezi nayo ni vumbi. Mkono wa lenzi unapotoka na kuingia huvuta hewa, na kwa kuwa lenzi haifunguki, chembe ikishatua juu ya kihisi ni kazi ya fundi. Kwa hiyo kwenye barabara za mbugani kamera ikae mfukoni, imezimwa, hadi gari lisimame na vumbi litue.