Figa la Tatu

Tulikuwa watatu katika chumba kimoja cha hosteli kwa miaka mitatu ya shahada ya kwanza, na tuliitana kwa makwetu: mimi, wa Tanga na wa Songea. Mwaka jana wa Tanga aliolewa akahamia Mwanza. Siku moja alinipigia simu, akauliza kama mimi na wa Songea bado tunaonana. Nikamjibu, "Mbona kila wiki, shoga!" Baadaye nikaja kujua kwamba wa Songea naye aliulizwa siku ileile, na jibu lake likawa hilohilo. Ukweli ni kwamba tulikuwa hatujaonana kwa miezi minne, na sote tunaishi Dar es Salaam.

Uongo wa namna hiyo niliwahi kuuona kwenye televisheni. Wa Songea alikuwa na flashi yenye Star Trek ya zamani, ile iliyorushwa Marekani na NBC kuanzia 1966 hadi 1969, sehemu 79. Katika sehemu iitwayo "The Tholian Web", ya Novemba 1968, Nahodha Kirk anapotea angani na kudhaniwa amekufa. Chomboni wanabaki Spock, afisa wa sayansi anayeabudu mantiki, na Dakta McCoy, ambaye kila kilichomo moyoni mwake hukiona usoni. Wanagombana vibaya. Kisha wanafungua ujumbe ambao Kirk aliwawekea, wausikilize akifa. Anamwambia Spock kwamba asipoipata busara ya moyo ndani yake, akaitafute kwa McCoy. McCoy naye anaambiwa amsikilize Spock. Daktari anaomba radhi. Kirk anapookolewa, anawauliza kama waliusikiliza ule ujumbe. Wote wawili wanamwambia hawakupata nafasi.

Nimezoea kusikia kwamba Spock ni kichwa, McCoy ni moyo, na Kirk ndiye anayeamua. Si kosa, ila tafsiri hiyo inawafanya wawili kuwa washauri wa mmoja tu. Mimi naona kila mmoja wao ndiye sababu ya wawili waliobaki kuvumiliana. Hata katika darasa letu la uzamili, tamthilia ikitajwa, swali la kwanza huwa nani atampata nani. Swali hilo lina jibu moja, na likishajibiwa mwandishi hana budi kuwaachanisha wapenzi ili apate la kusimulia. Watatu hawana jibu la mwisho. Leo wawili wako upande mmoja, kesho wamebadilishana, na aliyebaki peke yake ndiye anayewalazimisha wenzake kusema wanachokiamini.

Lakini urafiki wa watatu una gharama, na tamthilia hii haikuificha. Katika "The City on the Edge of Forever" ya 1967, Kirk yuko New York ya mwaka 1930, anampenda mwanamke aitwaye Edith Keeler. Spock ameshagundua kwamba Edith lazima afe ili historia irudi kwenye njia yake. McCoy, aliyekuwa amepotea, anatokea ghafla, na wanaume watatu wanakumbatiana kando ya barabara. Edith anawaona kutoka ng'ambo. Anashangaa, anavuka kuwafuata, na lori linakuja. Kirk anamshika McCoy asimwokoe. Nilikuwa nimeitazama mara tatu kabla sijaona kwamba kilichomvuta Edith barabarani ni furaha yao.

Hapo ndipo ninapogombana na tamthilia ninayoipenda. Kwenye kiti cha mawasiliano ameketi Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, na jina lake limetoka kwenye neno letu, uhuru. Katika sehemu ya kwanza kabisa kurushwa, tarehe 8 Septemba 1966, kiumbe anayebadili sura anamjia kwa umbo la mwanamume Mweusi na kumsemesha Kiswahili. Usiku ule tulipiga kelele hadi chumba cha pili wakagonga ukuta. Hata hivyo, Kiswahili chenyewe kilikuwa chambo, na Uhura hakukaribishwa kwenye ule utatu. Filamu ya 2009 ilimsogeza mbele kwa kumfanya mpenzi wa Spock, na McCoy akasukumwa pembeni. Nilifurahi kumwona. Ila mimi nilimtakia nafasi ya McCoy: ya kumbishia nahodha mbele ya watu na kesho yake kuitwa tena mezani.

Bibi yangu alipenda kusema figa moja haliinjiki chungu. Mafiga mawili nayo hayakiinjiki, kinapinduka. Kwa miezi ile minne nilijiambia kwamba chungu chetu kilipinduka kwa sababu wa Tanga aliolewa. "The Tholian Web" haikuniruhusu kuendelea kuamini hivyo. Spock na McCoy walidanganya pamoja, wakiwa wamesimama bega kwa bega, kuficha kwamba wanapendana. Sisi tulidanganya kila mtu na simu yake, kuficha kwamba tumeachana.

Jumamosi nilipanda daladala hadi Mbagala kumrudishia wa Songea flashi yake. Nilimwambia nimeujua uongo wake, akasema na yeye ameujua wangu. Akachemsha chai. Tulikaa kitambo bila la kusema, kila mmoja akitazama kikombe chake. Kisha akaniuliza: hivi Kirk angekufa kweli, wale wawili wangeendelea kuwa marafiki? Nikasema ndiyo. Akasema thubutu, wasingemaliza hata wiki. Tulibishana hadi giza likaingia, na kesho yake ndipo tulipompigia wa Tanga.