Mifumo Inaposomana Kweli

Nikiitwa kupima kama mifumo ya taasisi inasomana, chumba cha seva nakiacha hadi mchana. Naanzia mapokezi, natafuta daftari ambamo taarifa hunakiliwa kwa mkono kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine. Pasipo daftari, huwa yupo dada mmoja mwenye flashi shingoni: anatoa orodha kwenye mfumo huu, anaisafisha kwenye Eksel, anaipandisha kwenye mfumo ule. Akienda likizo, ripoti ya mwezi nayo inakwenda likizo. Mchoro mzuri wa mishale uliobandikwa ukutani haumwonyeshi.

Katika hospitali moja niliyoikagua, mgonjwa mmoja alikuwa watu watatu. Usajili ulihifadhi simu yake ikianza na 07, dirisha la malipo 2557, maabara +2557, na namba hiyo ndiyo iliyotumika kumtambua. Majibu ya vipimo yalisafiri salama yakamfikia mtu asiyekuwepo. Fundi alinionyesha logi kwa fahari: kila ombi lilijibiwa. Ni kweli, lilijibiwa.

Saa ndizo zilinichekesha zaidi, maana sisi tunaosema saa mbili huku mshale umesimama kwenye nane tulipaswa kuliona hili mapema. Wodi iliandika sampuli imechukuliwa 08:00, saa za hapa, bila kusema ni za wapi. Seva ya maabara ilifuata saa za UTC, zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, ikaandika imepokelewa 05:20. Damu ilifika maabara kabla ya kutoka mkononi. Dawa yake ni fupi: kila muda uandikwe kwa mtindo wa ISO 8601, pamoja na ile +03:00 yake.

Usipoteze asubuhi kwenye ubishi wa SOAP na REST, njia mbili za mifumo kuzungumza. Zote mbili zinaweza kufanya kazi safi, na kiwango peke yake hakitoshi. WS-I, umoja wa kampuni za programu, iliundwa mwaka 2002 kwa sababu kampuni zilizofuata viwango vilevile zilikuwa bado hazielewani; mwongozo wake wa kwanza kwa sehemu kubwa ulipunguza uhuru wa kuchagua. FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za afya, nayo inadai hivyo hivyo: kaeni chini mkubaliane ni sehemu zipi lazima zijazwe, na kwa orodha gani ya misimbo.

Sasa ijaribu huduma yenyewe. Tuma ombi moja la malipo mara mbili, kana kwamba mtandao ulikatika kabla jibu halijarudi. Huduma mbovu itatoa risiti mbili; nzuri itaitambua namba ya ombi na kurudisha jibu la kwanza. Kisha omba maabara izimwe kwa dakika kumi. Wodi ikiganda nayo, hizo zimefungwa kamba moja tu. Ujumbe ulipaswa kukaa kwenye foleni ukisubiri. Mwisho, peleka taarifa yenye kosa makusudi. Ukipokea msimbo 200 na ndani yake maneno "imeshindikana", umempata yule fundi cherehani anayesema nguo tayari wakati kitambaa hakijakatwa.

Kurekebisha hakuanzi na kununua mtambo mkubwa wa kuunganisha, ingawa muuzaji atakuwa ameshafika. Amueni kwanza taarifa za mgonjwa ni mali ya mfumo gani. Mingine yote iulize huko. Andikeni mkataba wa kila huduma, na majaribio yake yaendeshwe kila programu inapobadilishwa. Kuongeza sehemu mpya kwa kawaida hakuumizi mtu. Kufuta au kubadili jina la sehemu ya zamani kunaumiza, basi toleo la zamani liendelee kando ya jipya mpaka logi zionyeshe hakuna anayeliita.

Pale hospitalini nilirudi baadaye. Daftari bado lilikuwa mapokezi. Kurasa za karibuni zilikuwa za michango ya harusi.