Fimbo ya Mlimani Hupimwa Kiwikoni

Wengi wanaopanda milima ya Udzungwa hurekebisha fimbo zao mara moja tu, langoni Mang'ula, kisha huenda nazo na urefu huohuo mpaka warudi. Kosa hilo halionekani kwa macho, ila magoti huligharamia. Fimbo za kupandia mlima zilitengenezwa ziweze kurefuka na kufupika kwa sababu maalumu, na ni sehemu chache zinazoidhihirisha sababu hiyo kama ukanda huu wa Kilosa na Mikumi. Hapa mtu huanzia tambarare ya Mkata, akaingia kwenye miinuko ya Ukaguru, Rubeho au Vidunda, na akivuka Ruaha Mkuu pale Kidatu anaukuta ukuta wa Udzungwa umesimama kando ya mashamba ya miwa. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kote huko.

Kanuni ya vipimo inayozunguka madukani ilitoka kwenye theluji. Wauzaji wa vifaa vya skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji, huzidisha urefu wa mteja kwa 0.7 na kumpa fimbo ya jibu linalopatikana. Mtu wa sentimita 170 anapata 119, naye hupewa fimbo ya 120, maana fimbo hizo hutengenezwa kwa hatua za sentimita 5. Asiyetaka hesabu huigeuza fimbo juu chini, akaisimamisha sakafuni kwa mpini, akaishika chini tu ya kile kisahani kilicho karibu na ncha. Kiwiko kikikunjika kwa nyuzi 90, mkono wa mbele ukalala sambamba na sakafu, fimbo inamfaa.

Kugeuzwa huko ndiko kunakobeba siri yote, na ajabu ni kwamba wanaoifundisha kanuni hii mara nyingi hawaelezi. Thelujini ncha huzama mpaka kisahani kiizuie. Sehemu iliyo chini ya kisahani, kwa kawaida sentimita 4 hadi 6, haimsaidii mtu kwa urefu kwa kuwa imeshafukiwa. Kwa hiyo 0.7 ni kipimo kilichokwisha kuongezewa fidia ya kuzama. Ukikichukua jinsi kilivyo ukakileta Mikumi mwezi wa Agosti, wakati ardhi imekauka na ncha haizami hata kidogo, fimbo inakuwa ndefu kwa kiasi hichohicho. Mtu yuleyule wa sentimita 170 anatakiwa aanze na 115 hivi. Wa 160 aanze na 107 au 108, na wa 180 aanze na 120 au zaidi kidogo. Masika yakishalowesha udongo mweusi wa mbugani, au ukiwa ndani ya msitu ambako majani yaliyooza yametandazana juu ya tope, hesabu inarudi kuwa karibu na ile ya theluji: funga kisahani kipana na uongeze sentimita chache.

Urefu hufuata kazi ya mkono kuliko kimo cha mtu, na Afrika Mashariki inaye mtu aliyelijua hilo mwilini mwake. Philip Boit wa Kenya, aliyekuwa mkimbiaji wa mbio za kati, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii ya masafa marefu. Februari 1998 alishiriki Olimpiki ya Nagano, Japani, katika mbio za kilomita 10 za mtindo wa klasiki. Alimaliza wa 92, wa mwisho kati ya waliofika, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimsubiri mstarini amkumbatie. Katika mchezo ule wa Boit hakuna mashine ya kumpandisha mtu kilimani, hivyo mkono ni injini. Fimbo huchomekwa na kusukumwa kwa nguvu mpaka mkono uishie nyuma ya nyonga, na kadiri ilivyo ndefu ndivyo msukumo unavyodumu. Ndiyo maana fimbo za klasiki hufika karibu na bega. Wanariadha waliendelea kuzirefusha ili wasukume kwa mikono pekee bila kutumia miguu, hadi mwaka 2016 shirikisho la kimataifa la skii likaweka ukomo wa asilimia 83 ya urefu wa mchezaji akiwa amevaa viatu. Kwa mtu wa sentimita 170 hiyo ni takriban 141. Mwenzake anayeshuka mlima kwa kasi, akipandishwa juu kwa kiti cha kamba, anatumia 120. Mwili ni mmoja na theluji ni moja, lakini fimbo zinapishana zaidi ya sentimita 20.

Sasa tuulize mpanda Udzungwa anafanya kazi ipi. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, haina barabara za magari ndani yake. Kila kitu huonwa kwa miguu. Njia ya kwenda kilele cha Mwanihana ina kilomita 38, huchukua siku tatu kwenda na kurudi, na kilele kiko mita 2,111 juu ya usawa wa bahari, wakati chini Mang'ula ni kama mita 300. Mita 1,800 za kupanda, kisha zilezile za kushuka. Jiometri yake haihitaji zaidi ya hesabu ya sekondari. Ukiwa kwenye mwinuko wa nyuzi 15 ukachomeka ncha sentimita 40 mbele yako, mahali ilipogusa pako juu ya unyayo wako kwa sentimita 10 na ushei. Usipoifupisha fimbo, mkono unapanda kwa kiasi hicho, bega linafuata, na kila hatua unabeba uzito wa mkono wako mwenyewe kabla hujasukuma chochote. Mpanda mlima akichoka shingo na mabega kabla ya miguu, jambo la kwanza la kutazama ni urefu wa fimbo.

Kwa hiyo mtu wetu wa 115 anapoacha tambarare na njia ikaanza kuinuka sawasawa, aifupishe fimbo hadi 110, na penye ukali mpaka 105. Asizidi hapo. Ukifupisha mno unaanza kuinama, pumzi inabanwa, na mzigo mgongoni unakuvuta mbele. Penye mwinuko mkali zaidi suluhisho ni kuileta ncha karibu, ubavuni mwa mguu wa nyuma, usukume kutoka hapo.

Kushuka ndiko kunakostahili umakini mkubwa zaidi. Hapa ncha inatangulia mbele na chini, na fimbo iliyobaki na urefu wa kupandia humlazimisha mtu ainame kuifuata, uzito wote ukielekea bondeni. Arefushe hadi 120 au 125, ili aweze kuchomeka mbele huku mgongo umesimama. Utafiti wa Hermann Schwameder na wenzake, uliochapishwa mwaka 1999, ulipima watu wakishuka mteremko wa nyuzi 25 na kuona kwamba fimbo mbili zilipunguza mizigo inayoangukia goti kwa kati ya asilimia 12 na 25. Punguzo hilo hupatikana fimbo ikifika ardhini kabla ya mguu kubeba uzito, na fimbo fupi huchelewa kufika. Sioni faida ya kununua fimbo za bei kubwa na kuzibeba mpaka Mwanihana ikiwa wakati wa kushuka, saa zenye kuumiza kuliko zote, zinakaa na kipimo cha kupandia.

Njia ikikata ubavu wa mlima, mkono wa upande wa juu unataka fimbo fupi na wa upande wa bonde unataka ndefu, tofauti ya sentimita 10 hivi. Kipande kikiwa kifupi si lazima kufungua vifungio: shika mpini wa juu kwa kuteremsha kiganja kwenye sifongo iliyo chini ya mpini, na ule wa bondeni uufunike kwa kiganja kwa juu.

Vifungio vyenyewe ni vya kukagua kabla ya kuondoka. Vya kibano humwonyesha mtu kwa macho kama vimefungwa. Vya kuzungusha ndani huteleza vikiingia mchanga au maji, na kuteleza kwa fimbo kwenye mteremko ni kuanguka. Kila kipande kina mstari wa ukomo ulioandikwa, na kuuvuka ni kukiacha kiungio kikishikwa na sentimita mbili tatu za bati. Kitanzi nacho kinahusika na urefu, ingawa wengi hawakihesabu. Mkono unaingia kwa kutokea chini, kisha unashika kitanzi pamoja na mpini, ili uzito ukalie utepe badala ya vidole. Aliyeingiza mkono kwa juu hukaba mpini muda wote, kiganja chake kinashuka, na kipimo alichokipanga nyumbani si kile anachotembea nacho.

Wafugaji wa Kiparakuyo wanaochunga katika mabonde ya Kilosa wamelimaliza tatizo hilihili bila kifungio chochote. Fimbo ya mchungaji ni ndefu kupita kiwiko, mara nyingi hufika kifuani au begani, na mkono huteleza juu yake kama pete inavyopita kwenye bomba. Akipanda kingo za korongo anaishika chini. Akishuka anaishika juu. Akisimama kuangalia ng'ombe anaiegemea. Ana urefu wote katika mti mmoja. Kinachokosekana ni fimbo ya pili, na kwa mtu mwenye mzigo mzito mgongoni upungufu huo ni wa kweli, kwa sababu faida ya magoti iliyopimwa ilitokana na mikono miwili. Lakini kwa mtu wa Kilosa anayetaka kwenda vilimani asubuhi na kurudi jioni, mti mmoja mnyoofu wa kufika begani ni chaguo bora kuliko fimbo mbili za kukunja zenye vifungio vilivyochoka. Aupate nje ya hifadhi, maana ndani hairuhusiwi kukata.

Mkongojo wa mzee ni jambo tofauti kabisa, na kuupima kwa kanuni ya mlimani ni kumdhuru. Kazi yake ni kubeba sehemu ya uzito wa mwili kwa mkono ulioshuka, hivyo hauishii kiwikoni bali kwenye kifundo cha mkono. Mzee avae viatu anavyovitumia kila siku, asimame wima aache mikono ining'inie, kisha mtu mwingine apime kutoka sakafuni hadi kwenye ule mkunjo wa ngozi kati ya kiganja na mkono. Hapo ndipo juu ya mkongojo. Akiushika, kiwiko kitakunjika kidogo, nyuzi 15 hadi 30, kiasi cha kumpa msuli wa nyuma ya mkono nafasi ya kusukuma. Mrefu kuliko hapo unalipandisha bega na kumsukuma mzee pembeni, mfupi unampindisha. Uende upande wa mguu mzima, si ule unaouma, nao utangulie pamoja na mguu unaouma. Mti ukatwe chini, kidogo kidogo, baada ya kuhesabu unene wa mpira utakaovishwa kwenye ncha, na mpira huo ubadilishwe ukishalika upande mmoja.

Kuhusu fimbo za skii zenyewe: ukizikuta kwenye mitumba, usiziache kwa sababu hazirekebishiki. Soma namba iliyopigwa kwenye mti wake. Ikiwa ni 115 au 120 ni sentimita. Ikiwa ni 46 au 48 ni inchi, na 48 ni sawa na sentimita 122. Chagua kwa urefu wa kushukia, kwani fupi haiwezi kurefushwa, na unapopanda utaishika chini ya mpini, mahali unapoweza kuzungushia utepe wa mpira wa baiskeli ili mkono usiteleze. Ikiwa ni ndefu mno, ikatwe juu wala si chini, kwa kuwa mti wake hupungua unene kuelekea kwenye ncha, na ncha na kisahani vimetengenezwa kwa unene huo. Mpini uloweke kwenye maji ya moto dakika kadhaa mpaka plastiki ilainike, uuzungushe huku ukiuvuta, ukate mti kwa msumeno wa chuma, ulainishe kingo kwa tupa, kisha uurudishe mpini ungali moto na ugonge kwa kipande cha mbao. Fundi baiskeli yeyote mjini Kilosa ana vifaa vyote hivyo. Kata kwanza sentimita 2 pungufu ya unachodhani kinahitajika, mwenye fimbo asimame penye mteremko na si kwenye sakafu ya duka, ndipo ukate zilizobaki.